Je, Kiini cha Atomi Kina Nia? Uhakiki wa Sentensi Moja ya Fizikia katika Kiswahili

Sentensi inayohakikiwa katika makala haya ni fupi, na hapana shaka msomaji amepata kuisikia, ikiwa si kwa maneno haya haya basi kwa maneno yanayokaribiana nayo: kiini cha atomi kisicho thabiti hutoa mionzi ili kipate kutulia. Ndivyo wanafunzi wa sekondari hapa Bunia wanavyoelezwa pale mwalimu, baada ya kuandika somo ubaoni kwa Kifaransa, anapogeuka na kulifafanua kwa Kiswahili. Kwa muda mrefu uhakiki wa lugha ya sayansi umekuwa uhakiki wa istilahi peke yake. Tunauliza kama neno limeundwa vizuri, kama limetoka katika Kiarabu au katika Kibantu, kama limo katika Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990. Maswali hayo yana maana yake. Hata hivyo, istilahi zote za sentensi zinaweza kuwa sahihi, neno baada ya neno, na sentensi yenyewe ikasema uongo. Hilo ndilo tunalodai kuhusu sentensi hii.

Mwandishi amesomea isimu, si fizikia. Ameingia katika jambo hili kwa mlango wa nyuma, alipoombwa na mwalimu mmoja wa fizikia amsaidie kupata maneno. Siku hiyo mwanafunzi mmoja aliuliza swali ambalo halikuwa la maneno: «Mawe ya Shinkolobwe yako ardhini tangu zamani. Kama yanatoa mionzi ili yatulie, mbona hayajatulia mpaka leo?» Swali hilo lilitosha kuibomoa sentensi nzima, na sehemu kubwa ya makala haya ni jaribio la kulijibu.

Kabla ya kuendelea, inafaa kukumbusha kwamba jambo hili si geni kwa nchi za Kiswahili kama watu wanavyodhani. Mwaka 1906 Marckwald, mkemia wa Ujerumani, alieleza madini mapya ya urani yaliyotoka Morogoro, akayapa jina la Rutherford. Naye Rutherford ndiye aliyeonyesha, pamoja na Soddy, katika miaka ya 1902 na 1903 kule Montreal, kwamba atomi inayotoa mionzi inageuka na kuwa atomi ya elementi nyingine. Machimbo ya Shinkolobwe kule Katanga, ambayo utajiri wake ulitambuliwa mwaka 1915 na kuanza kuchimbwa na Union Minière mwaka 1921, yalitoa mawe mengi yasiyojulikana hapo awali, na leo orodha ya mawe hayo husomeka kama daftari la majina ya mabingwa wa fani hii: Becquerel, Curie, Soddy, Skłodowska. Moja tu miongoni mwao, kasoliti, lilipata jina la mahali penyewe, yaani Kasolo. Urani ya Shinkolobwe ilikuwa sehemu kubwa ya ile iliyotumika katika bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Nayo machimbo hayo, ingawa yalifungwa wakati wa uhuru, yalirudiwa na wachimbaji wadogo waliofuata kobalti na shaba; serikali iliyafunga tena kwa amri Januari 2004, na Julai mwaka huo huo sehemu yake iliporomoka na kuua watu. Lugha ya wachimbaji wale ni Kiswahili. Mtu anayeingia shimoni akiwa amefundishwa kwamba jiwe hutoa mionzi ili litulie ana haki ya kufikiri kwamba jiwe la kale limekwisha kutulia. Hapo sentensi yetu si suala la ufasaha tena.

Tuanze na kiini. Neno hili lina kazi nyingi: kiini cha yai, kiini cha mti, kiini cha habari, kiini cha seli na kiini cha atomi. Kila mmoja hutambua kinachosemwa kwa kutazama muktadha, na hatuoni haja ya kuunda neno jingine. Matatizo huanza tunapotafuta sifa. Baadhi ya walimu wamejaribu kusema kiini tete, kwa kuwa tete ni kitu kisicho imara, chepesi kuvunjika. Lingekuwa jina zuri sana, lakini wanabiolojia wametangulia: kiinitete ni mimba changa katika siku zake za mwanzo. Mwanafunzi anayetoka katika somo la biolojia saa tatu na kuingia katika fizikia saa nne atakuwa na picha ya ajabu kichwani. Basi tubaki na kisicho thabiti, ingawa ni neno la kukanusha na halimwambii mtu kitu gani kimekosekana.

Kilichokosekana kinaelezeka kwa Kiswahili cha kawaida. Ndani ya kiini mna protoni, zenye chaji chanya, na nyutroni, zisizo na chaji. Protoni zote husukumana, kila moja na kila nyingine, hata zikiwa pande mbili za kiini. Kinachozishika ni nguvu nyingine, kali kuliko msukumo huo, ila haifiki mbali: hufanya kazi kati ya chembe zinazokaribia kugusana tu. Tufikirie soko lililojaa watu, ambamo kila mmoja amemshika jirani yake mkono, lakini kila mmoja anagombana na soko zima kwa sauti. Soko likiwa dogo, mikono inatosha. Likikua, ugomvi huongezeka kwa kasi, kwa kuwa kila anayeingia huwagombeza wote, ilhali mikono yake huwafikia majirani wachache wale wale. Nyutroni husaidia, kwa sababu hushika na hazigombani, na ndiyo maana viini vizito vina nyutroni nyingi kuliko protoni: urani ya kawaida ina protoni 92 na nyutroni 146. Msaada huo nao una mpaka. Nyutroni zikizidi kipimo, hali hiyo yenyewe huwa na nishati kubwa kuliko inavyostahili, na nyutroni moja huweza kugeuka kuwa protoni. Kiini kizito kuliko vyote ambacho hakijaonekana kumeguka ni cha risasi yenye chembe 208. (Kwa mtu wa Ituri neno risasi halimaanishi metali kwanza. Tunalitumia hapa kwa maana ya mkemia, na msomaji atatuvumilia.)

Tuje kwenye kitenzi, hutoa. Mwanzoni tulidhani kosa liko hapa. Tulisema: anayetoa sadaka anatoa alichokuwa nacho, na kwa hiari yake; atomi haina hiari. Lakini hoja hiyo haisimami. Kiswahili husema jua hutoa mwanga, ua hutoa harufu, ngoma hutoa sauti, mti hutoa matunda, na hakuna anayefikiri kwamba mwembe una ukarimu. Tena mfano wa mti unafaa kuliko ulivyokusudiwa. Nyutroni inapogeuka kuwa protoni, elektroni huruka nje kwa kasi, na elektroni hiyo haikuwa imefichwa ndani ya kiini ikingoja mlango ufunguliwe. Imezaliwa wakati ule ule wa mgeuko, kama vile embe halikuwamo katika shina. Fermi ndiye aliyeliweka jambo hilo katika nadharia iliyo wazi mwaka 1934. Kutoa basi kunaweza kubaki.

Kuhusu mionzi hatutasema mengi. Mwonzi ni mwanga mwembamba, kama ule wa jua unaopenya katika tundu la paa, na neno limeenea mno kiasi kwamba kulipiga vita ni kupoteza muda. Ila ijulikane kwamba vile vinavyoitwa mionzi ya alfa na ya beta si mwanga hata kidogo, ni chembe. Alfa ni kifurushi cha protoni 2 na nyutroni 2, beta ni elektroni. Gama tu ndiyo inayostahili jina la mwonzi, na hutoka pale kiini, baada ya kugeuka, kinapobaki na ziada ya nishati na kuiacha bila kubadilika idadi ya chembe zake. Nao mnururisho na unururifu, yaliyotokana na nuru, yana sura nzuri ya Kiswahili, lakini yanalirudia kosa lile lile la kuona mwanga kila mahali. Hapa Bunia kuna tatizo zaidi. Mgonjwa aliyevunjika mfupa hupelekwa kupigwa radio, na radio hiyo, mbali na kuchanganywa na ile inayosoma habari, huitwa pia mionzi. Wapo wanaoamini kwamba mionzi ya hospitali hubaki mwilini na kuendelea kufanya kazi, kama ya urani. Si kweli. Eksirei hutengenezwa na mashine kwa umeme, nje ya kiini chochote, na mashine ikizimwa hakuna kinachobaki. Jina moja limewaogopesha watu kitu kimoja kwa sababu ya kingine.

Sasa tumefika pahali penye uzito: ili kipate kutulia. Neno ili, pamoja na kitenzi cha dhamira tegemezi kinacholifuata, ni alama ya nia. Mtu hulima ili ale. Walimu wanaojitetea husema kwamba hii ni tamathali tu, na kwamba hata maji husemwa yanashuka ili yafike bondeni. Jibu letu ni kwamba maji yanajulikana. Mtoto ameyaona, ameyachota, amejikwaa nayo. Tamathali haiwezi kumdanganya. Kiini cha atomi hakuna aliyekiona kwa macho, na mwanafunzi hana kingine cha kukijua isipokuwa sentensi aliyopewa. Sentensi ikisema kina nia, kitakuwa na nia. Kosa hili, tuseme kwa haki, halikuzaliwa katika Kiswahili. Limeingia pamoja na vitabu vya Kifaransa na vya Kiingereza, ambamo atomi hutafuta utulivu tangu ukurasa wa kwanza.

Na nia hiyo, hata kama ingekuwapo, ingekuwa ya kipumbavu. Tufuate urani yenye chembe 238. Katika rundo lolote la viini vyake, nusu humeguka katika miaka takriban bilioni 4.5, muda unaokaribiana na umri wa dunia yenyewe. Kiini kinapotoa alfa huwa thoriamu, ambayo nusu yake humeguka katika siku 24. Thoriamu hiyo nayo hutoa beta na kuwa kitu ambacho sehemu kubwa yake hudumu dakika chache tu. Je, ni nani aliyetafuta utulivu, akaacha nyumba ya miaka bilioni 4.5 na kuhamia katika kibanda cha siku 24? Safari ina hatua 14 mpaka kufika kwenye risasi. Njiani mna radiamu, ambayo nusu yake huisha katika miaka 1,600, na gesi ya radoni, ambayo nusu yake huisha katika siku 3.8. Hapa ndipo mwanafunzi wetu anapata jibu lake. Jiwe la Shinkolobwe halijatulia kwa sababu sehemu kubwa ya urani yake ingalimo. Nayo radiamu, ambayo ingekwisha zamani kama ingekuwa peke yake, inazaliwa upya kila siku kutokana na urani. Kadhalika radoni: inatoka katika jiwe, inajikusanya shimoni mahali pasipo na upepo, na mchimbaji anaivuta. Kinachobaki katika mapafu ni watoto wake, ambao ni chembe ngumu, nao huendelea kumeguka huko huko.

Kama si nia, ni nini basi? Wanafizikia hutoa jibu lenye pande mbili. Upande wa kwanza ni hesabu. Ukipima kiini cha urani kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine thoriamu pamoja na alfa, pande hizo hazilingani. Urani ina uzito zaidi kidogo, na tofauti hiyo, kwa mujibu wa Einstein, ni nishati. Mgeuko basi unawezekana, kwa kuwa unalipa gharama zake wenyewe. Upande wa pili ni kwamba palipo na njia ya kushuka, iwe nyembamba namna gani, siku moja itapitwa. Alfa ndani ya kiini imezungushiwa kizuizi ambacho nishati yake haitoshi kukiruka. Hugonga ukuta huo mara nyingi mno katika kila sekunde, idadi ambayo huandikwa kwa 1 na sufuri 21, na mwaka 1928 Gamow, pamoja na Gurney na Condon waliofanya kazi mbali naye, walionyesha kwamba kila mgongano una nafasi ndogo sana ya kuikuta alfa upande wa pili. Mbuzi asiyeweza kuruka ua la zizi huonekana asubuhi akila nje, na ua halina tundu. Kwa mbuzi tungesema ni uchawi. Kwa chembe ni jambo la kawaida.

Kwa hiyo hakuna anayemvunja na hakuna anayekusudia. Kiswahili kina kauli yake kwa hali kama hii, na ndiyo sababu mwanaisimu akathubutu kuandika. Sahani imevunjwa, kauli ya kutendwa, humfanya msikilizaji aulize: na nani? Sahani imevunjika, kauli ya kutendeka, hulifunga swali hilo. Kiswahili sanifu hakikubali kusema imevunjika na mtoto. Tofauti hiyo hiyo ndiyo inayotenganisha mambo mawili ambayo vitabu vingi huyachanganya. Katika kinu cha nyuklia, kama TRICO I kilichoanza kazi Juni 1959 katika Chuo Kikuu cha Lovanium, Kinshasa ya leo, kikiwa cha kwanza barani Afrika, viini hupasuliwa: kuna nyutroni inayovigonga, na ukiiondoa nyutroni kazi hiyo husimama. Katika jiwe la Shinkolobwe viini humeguka. Hakuna anayevimega. Joto, baridi, shinikizo, tindikali, havibadilishi mwendo wa urani hiyo. Zaidi ya hayo, kiambishi kile kile cha kutendeka huonyesha pia uwezekano: njia inapitika, chakula kinalika. Kusema kiini kinameguka ni kusema kwamba kinaweza kumeguka na kwamba kinameguka, yote mawili kwa silabi moja. Hatudai kwamba babu zetu walijua fizikia. Tunasema tu kwamba chombo kipo mkononi, nasi tunakiacha na kuazima ili.

Kwa sababu hiyo hiyo hatukubaliani na kuoza, neno lililotokana na Kiingereza, ambacho husema atomi inaoza. Kinachooza kinanuka, kinaambukiza kilicho jirani, na kinazidi kuharibika kadiri kinavyokaa. Kiini hakimwambukizi jirani yake ugonjwa wa kumeguka, na hakizeeki. Nusumaisha nalo lina kasoro hiyo. Mwanafunzi akisikia kwamba nusu ya maisha imepita, husubiri nusu ya pili ipite na mambo yaishe. Kumbe katika kipindi cha pili hupungua nusu ya kilichobaki, na robo bado ipo. Kiini cha urani kilichodumu tangu dunia iumbwe si kizee. Nafasi yake ya kumeguka kesho ni ile ile kiliyokuwa nayo siku ya kwanza. Tungependelea muda wa kupungua nusu. Ni maneno manne badala ya moja, na wanaopenda istilahi fupi watalalamika.

Sentensi tuliyompa mwalimu ni hii: kiini chenye nishati ya ziada humeguka au hugeuka chenyewe, bila kuguswa na bila saa maalumu, na ziada hiyo huondoka ikiwa chembe au mionzi. Si nzuri. Ina neno ziada mara mbili, na haisemi lolote kuhusu mikono na ugomvi wa soko. Mwalimu aliiandika ubaoni chini ya ile ya Kifaransa, na yule mwanafunzi akanyoosha kidole tena. Kama viini viwili vinafanana kwa kila hali, kwa nini kimoja kimemeguka leo na cha pili kinaweza kungoja miaka milioni? Mwalimu alijibu kwamba kwa kadiri fizikia inavyojua hakuna sababu, akanitazama ili nimpe neno la tukio lisilo na sababu. Bahati haifai, kwa kuwa huelekea kwenye heri. Ajali haifai zaidi ya zote: asili yake ya Kiarabu ni muda uliokwisha kupangwa, yaani kinyume kabisa cha tunachotaka kusema. Sadfa huhitaji mambo mawili yakutane. Lililobaki ni nasibu, ambalo wanatakwimu wamekwisha lizoea. Nalo katika Kiarabu lilikuwa fungu aliloandikiwa mtu, lakini wasemaji wengi wa Kiswahili wamekwisha sahau hilo, na usahaulifu huo ndio uliotufanya tulichague.